Opereta wa Ndege za Moto

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, redio ya chumba cha uratibu wa moto haisemi kitu. Zamani saa hiyo ilikuwa na sauti. Sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na salamu, ilipita kwenye vituo kumi na vinne vya msituni ikiita kimoja kimoja, na kila kituo kilijibu kwa jina lake na idadi ya watu wake. Ukichelewa, hakurudia kukuita. Alinyamaza tu, na vituo vingine vyote vikawa vinakusikiliza usivyojibu, mpaka aibu ikakutoa kitandani. Siku hizi kuna mfumo. Kila mnyapara anabonyeza kitufe kwenye simu yake na taa ya kijani inawaka ukutani. Anaweza kubonyeza akiwa amelala, na wengi hubonyeza wakiwa wamelala. Wakubwa wanauita mfumo huo maendeleo.

Walimwita Opereta. Kabla ya kuja idara ya zimamoto alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika chumba cha simu cha kambi ya ndege za jeshi, akiwaunganisha watu waliokuwa na haraka na watu waliokuwa hawana. Wanajeshi si watu wa kusifu, lakini walimwamini kwa jambo moja: alichopewa ndicho alichofikisha. "Opereta haongezi wala hapunguzi," alizoea kusema, akiinua kidevu, kwa majivuno ya mtu asiye na kingine cha kujivunia. Idara ilipotafuta mtu wa kuongea na jeshi kuhusu ndege, ilimchukua yeye, kwa sababu waratibu waliomtangulia walipiga simu kambini kama wanaobisha hodi kwenye nyumba yenye mbwa.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa dakika tano. Jeshi lilikuwa na ndege mbili kubwa za mizigo ambazo wakati wa kiangazi ziliweza kufungwa matangi ya dawa nyekundu, ile inayomwagwa mbele ya moto ili majani yasishike. Ndege hizo hazikuwa za zimamoto, ziliazimwa. Kwa hiyo kila asubuhi idara ilipeleka kambini namba moja tu. Kiwango cha tatu: matangi yakae ndani ya ndege, marubani wakae karibu, waweze kuruka ndani ya nusu saa. Kiwango cha pili: matangi yashushwe, ndege zirudi kubeba mizigo. Kushuka kutoka cha tatu kwenda cha pili kulihitaji neno tu. Kupanda kutoka cha pili kwenda cha tatu kulihitaji karatasi yenye saini ya Mkurugenzi, inayosema kwamba idara imetumia kila ilichokuwa nacho na hakitoshi. Baada ya hapo, kulirudisha tangi ndani ya ndege ni kazi ya saa nne.

Ile karatasi wafanyakazi waliiita barua ya kushindwa, na hakuna mkurugenzi aliyependa kuonekana nayo kwenye faili lake. Huyu wa mwisho aliichukia kuliko wote. Alikuwa mtu wa kujaa mlangoni, mwenye koti la zimamoto ambalo halijawahi kunusa moshi, na kila taarifa yake, iwe msitu unaungua au la, ilianza na maneno mawili: hali shwari. Ndiyo maana mgongoni walimwita Bwana Hali Shwari. Mbele yake walimwita mheshimiwa na kumvika vilemba vya ukoka, akavivaa vyote, na kichwa chake bado kikabaki na nafasi.

Opereta hakumvika kitu. Hakuwa jasiri, alikuwa na dharau tu, na dharau kwake ilikuwa kama maji ya kunywa. Aliwadharau marubani kwa miwani yao, wanyapara kwa uvivu wao, na feni ya chumba chake kwa kupeperusha karatasi bila kupoza mtu. Chumba kilikuwa na ramani chini ya kioo, kalamu za nta za rangi nne, redio, simu nyeusi ya kambini, birika lenye ukoko, na karani mmoja, mama wa makamo aliyecheka ndani ya kikombe ili asionekane anacheka.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wao. Mama yao alifariki mvulana akiwa na miaka minne na yeye kumi na saba, akamlea kwa mkono mmoja na kumkaripia kwa mwingine. Mvulana alikua, akaoa, akaachika, akarudi kwenye chumba cha uani, na kazi aliyoipata ilikuwa unyapara wa kikosi cha kuzima moto cha machimbo ya kokoto, watu kumi na wanane wenye majembe, mapanga na misumeno.

"Nilikulea ili ukawe kuni?" Opereta alimuuliza siku alipoleta buti zake za kwanza.

"Kuni zina faida, dada. Wewe umelea sauti tu. Asubuhi ukiita, hata nyoka wa msituni wanaamka."

"Nyoka wanaamka. Wewe huamki."

"Naamka, ila nafumba macho kwa heshima yako."

Kwenye redio alimkataza kumwita dada. Alikuwa Kokoto Moja, kama kituo chake, na akisahau alinyamaziwa kama wengine.

Ijumaa ile Mkurugenzi alifika chumbani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, akiwa na suti, ananukia. Chama fulani cha mameneja kilikuwa kimemchagua kumpa ngao ya usimamizi bora, na saa saba mchana angesimama jukwaani kuishukuru familia yake. Moto wa ukingo wa msitu ulikuwa na siku sita. Kwa macho ya mtu aliye mbali ulikuwa umezimika.

"Leo tunashuka cha pili, mama," alisema.

"Ukingo bado una joto, bosi. Mnyapara wa machimbo kaniambia jana mizizi inafuka chini kwa chini."

"Huyo mnyapara si ndugu yako?"

"Yeye ni ndugu yangu. Mizizi si ndugu yangu."

Karani alikiinua kikombe.

"Nina hotuba," Mkurugenzi alisema. "Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema moto tumeumaliza, huku ndege za watu tumezikumbatia. Jeshi litatuonaje? Hali ni shwari. Andika pili."

"Andika wewe."

Akaandika. Akaandika kwa kalamu ya kifuniko cha dhahabu, tarakimu ya mbili peke yake katikati ya mstari wa daftari, akaipigia na mstari chini kama mwanafunzi anayejua jibu. Kisha akatoka, na harufu yake ikabaki kuwasumbua.

Hapa ndipo mtu angependa kusema Opereta alikataa. Hakukataa. Aliinua simu nyeusi. Upande wa pili alikuwepo afande wa zamu, mtu aliyemfahamu tangu enzi za chumba cha simu.

"Kiwango cha pili," alisema.

"Pili? Umesema pili, mama? Huku tunauona moshi."

"Pili."

Angeweza kuongeza maneno manne: namba hii si yangu. Angeweza kukohoa tu. Afande alikuwa mtu wa kuelewa kikohozi. Lakini opereta haongezi wala hapunguzi. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akaufuta kwa kitambaa kama alivyofanya siku zote, akaviita vituo vyake kumi na vinne. Kufikia saa tatu matangi yote mawili yalikuwa chini, juu ya matoroli, ndani ya banda, na ndege moja ilikuwa imekwenda kubeba mahema.

Upepo uligeuka saa saba kasoro. Mizizi iliyokuwa ikifuka ilipata pumzi, ikawasha majani makavu chini ya misonobari, na saa saba na nusu moto ukavuka barabara ya malori katika sehemu mbili. Kati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na machimbo ya kokoto, na ndani ya machimbo kulikuwa na kikosi cha Kokoto Moja, waliokuwa wamekaa kula.

Machimbo ni shimo la mawe. Moto haukuwa na cha kula humo. Lakini moshi ni mzito ukishapoa, unashuka kama maji na kujaa mahali pa chini. Njia ya kutoka ilikuwa moja, barabara iliyokatwa kati ya miti, na miti ilikuwa inawaka pande zote mbili. Magari ya zimamoto yalijaribu kuingia mara mbili, yakarudi rangi imevimba.

"Hatuungui," mdogo wake alisema redioni. "Tunakosa hewa. Tuna pipa moja la maji na magunia. Tumelala kifudifudi."

"Nimekupata, Kokoto Moja. Punguza kuongea."

Akampigia Mkurugenzi. Simu ilipokewa katikati ya makofi.

"Mama, niko meza kuu."

"Watu kumi na wanane wako kwenye shimo. Nahitaji saini ya kiwango cha tatu."

"Wana maji?"

"Pipa moja."

"Basi watulie. Nikishuka jukwaani nakuja nasaini, tena mbele yako."

"Unashuka saa ngapi?"

"Usinipandishie sauti, mama, hapa kuna wageni."

Akakata. Alipopigiwa tena simu iliita mpaka ikachoka. Naibu wake alikuwa hukohuko, meza ya pili, akipiga picha.

Opereta alikaa. Karani anasema alikaa muda wa kuchemsha yai, mikono juu ya kioo cha ramani, akitazama doa dogo la kijivu palipoandikwa machimbo. Hakulia, yeye si wa kulia. Hesabu ilikuwa wazi kwa mtoto. Saa nne za kufunga tangi, dakika ishirini za kuruka, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Ndege hazimwagi gizani. Kila dakika ambayo Bwana Hali Shwari aliimaliza akiishukuru familia yake, ilitoka kwenye vifua vya watu waliolala kifudifudi.

Saa nane na dakika kumi aliinua simu nyeusi.

"Afande, kiwango cha tatu."

"Afadhali. Kimesainiwa?"

"Kimesainiwa."

"Na Mkurugenzi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Saa nane na dakika kumi."

"Nitumie karatasi."

"Inakuja."

"Mama, kama umesema wewe, ije itakapokuja. Tunafunga."

Karani alimtazama kama mtu aliyemfuma mwalimu wake akiiba. Miaka yote ile ya kutoongeza wala kutopunguza, fahari yake ya pekee, aliitumia yote kwa sentensi mbili. Asubuhi fahari hiyo ilikuwa imemsaidia Mkurugenzi. Mchana, angalau, ilifaa kitu.

Mkurugenzi alifika saa kumi, ngao chini ya kwapa. Alisikia redioni kwamba tangi moja liko nusu ndani.

"Nani kaagiza?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Saa nane na dakika kumi. Ulisaini."

Alisimama. Angeweza kuisimamisha, ilikuwa haki yake kisheria. Angeweza pia kukaa chini na kuisaini kweli, kwa aibu, kama mtu mzima. Uso wake ulizungukazunguka kati ya milango hiyo miwili kama kuku asiyejua banda lake, kisha akapata mlango wa tatu.

"Waandishi wa habari wameshafika kule?"

"Wameshafika."

Akaiweka ngao juu ya ramani, akavua koti la suti, akavaa lile la zimamoto, akaondoka na dereva.

Wanajeshi walilifunga tangi kwa saa tatu na robo, kwa kuruka hatua ambazo hurukwa na watu wanaoaminiana tu. Saa kumi na mbili kasoro robo ndege ilikuwa juu ya machimbo, chini sana, jua likiipiga ubavuni. Lakini kuna utaratibu: rubani hamwagi mpaka aliye chini aseme kwa sauti yake kwamba njia ni tupu. Tani kadhaa za dawa zikimwangukia mtu, ni sawa na ukuta.

"Kokoto Moja, njia ni tupu?" Opereta aliita.

Kikajibu kikohozi kirefu.

"Dada…"

Rubani alikuwa anasikiliza. Ndege ilikuwa inazunguka, na jua lilikuwa linashuka.

"Sema jina la kituo chako," Opereta alisema, kwa sauti ileile ya asubuhi.

"Dada, siwezi…"

"Kituo chako."

Kikohozi kingine. "Kokoto Moja. Njia tupu. Wote tuko shimoni."

"Rubani, umesikia. Mwaga."

Dawa ilianguka juu ya barabara kama kitambaa chekundu kilichokung'utwa. Ilipita robo saa, magari yakaingia, yakatoka na watu kumi na wanane waliolaliana kama mizigo. Kwenye televisheni alionekana Mkurugenzi, koti safi, akiwaelekeza kwa kidole waliokuwa wanajua wanakokwenda.

Siku ya tatu mpiga msumeno wa kikosi alifariki hospitalini. Alikuwa na mke na mama mzazi. Mdogo wake Opereta aliruhusiwa kutoka baada ya wiki mbili, akiwa na pafu moja linalofanya kazi na jingine la mapambo.

Kwa kuwa mtu alikufa, tume iliundwa. Kabla haijakaa, siku ya Jumatano, Mkurugenzi alimngoja Opereta kwenye korido, akiwa na bahasha.

"Mama, tumetoka salama. Mimi nilisaini, wewe ulipeleka. Karatasi hii hapa, tarehe yake, saa yake, kila kitu."

Aliitazama. Saini ilikuwa nzuri, haikuwa na haraka.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ipi?"

"Ya kiwango cha pili."

"Mama, nani anakumbuka asubuhi? Watu wanakumbuka ndege. Unabaki na kiti chako, ndugu yako tunamtafutia kazi ya mezani. Tusichafuane."

Jioni, kabla ya giza, mdogo wake naye alimshika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za uani, maana kupanda zote tatu kwa mkupuo hakuwezi.

"Ichukue, dada. Sema alisaini."

"Marehemu alikuwa wa kikosi chako."

"Marehemu halali njaa. Mimi na wewe tutalala."

"Tangi lingekuwa ndani ya ndege, mngetoka saa nane na nusu. Mwenzako angekuwa mzima, anagombana na mkewe sasa hivi. Namba ile niliipeleka mimi, kwa mdomo huu."

"Uliagizwa."

"Hata kasuku huagizwa."

"Sasa ukisema, atafufuka?"

"Hafufuki. Lakini yule jamaa hatapanda juu ya kaburi lake ili aonekane mrefu."

Tume ilikuwa na watu watatu na chupa sita za maji. Walimuuliza kuhusu saini, naye akajibu kwa pumzi moja, kama anayesoma ujumbe: "Saa kumi na mbili asubuhi nilipeleka namba nikijua ni ya uongo. Saa nane na dakika kumi mchana nilipeleka saini nikijua ni ya uongo. Ya kwanza niliagizwa, ya pili nilijiagiza. Karatasi mliyo nayo mbele yenu iliandikwa Jumatano iliyopita. Mkinifukuza kwa uongo wa pili, andikeni na wa kwanza."

"Mama, jibu ulichoulizwa," mwenyekiti alisema, akifungua chupa.

Afande alikuja na daftari la kambi, lenye kila kiwango cha kila asubuhi na saa yake. Walimshukuru kwa kusafiri. Hawakulifungua. Karani aliitwa, akasema hakumbuki. Ana watoto wanaosoma. Taarifa ilipotoka ilikuwa na kurasa arobaini, na ndani ya kurasa zote arobaini asubuhi ile haikuwamo. Ilikuwamo sentensi kwamba mratibu alighushi idhini ya ndege za jeshi, na nyingine kwamba karatasi ya saini haikuweza kuthibitishwa, jambo ambalo ni njia ya heshima ya kutomgusa mtu. Opereta aliachishwa kazi kwa barua ya mistari mitano. Mkurugenzi alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, kuwa mshauri wa majanga, na kwa kuwa majanga hayaishi, huenda naye hataisha.

Kabla ya kurudisha kitambulisho, Opereta alikwenda nyumbani kwa mpiga msumeno. Mjane alifungua mlango nusu.

Alimweleza yote, amesimama: namba, kalamu ya dhahabu, simu nyeusi, matangi kwenye matoroli. Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja kuomba msamaha au kunipa habari?"

"Kukupa habari. Hawakuiandika popote."

"Nimeipata," mjane alisema, akafunga mlango. Wiki iliyofuata alifungua kesi dhidi ya idara, na jina la kwanza kwenye orodha ya mashahidi wake lilikuwa la Opereta. Jina la pili kwenye orodha ya wadaiwa lilikuwa pia la Opereta. Hakulalamika kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kesi imeahirishwa mara tano. Opereta anafanya kazi katika kiwanda cha magodoro, kwenye mashine ya kushona pindo, zamu inayoanza saa moja asubuhi, saa nzima baada ya ile aliyokuwa akiviita vituo.